Tiketi ya nne hatukuwa nayo

Ilikuwa Desemba 2023. Kwake Tanga ilikuwa saa tano usiku, kwetu Barbados saa kumi jioni. Binti yangu mkubwa alinipigia simu, akaulizia wadogo zake, akaulizia baba yake, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama, kweli mliniacha kwa sababu ya mtihani?"

Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Nikamjibu harakaharaka, "Ndiyo, mwanangu. Mtihani ndiyo maisha yako." Akanyamaza kidogo. "Haya mama, usiku mwema." Akakata. Nikasimama pale mpaka mbaazi zikashika chini ya sufuria.

Nilikuwa nimemdanganya, na nadhani alijua. Naandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaofikiria kuondoka na familia kwenda mbali wakati mfuko ni mdogo. Nitaeleza mambo ya hela, maana hayo ndiyo watu huniuliza kila siku. Lakini kosa letu kubwa halikuwa la hela. Lilikuwa la maneno.

Safari ilivyoanza

Mume wangu ni ofisa uvuvi. Mwaka 2023 alipata ufadhili wa kusoma shahada ya pili ya utafiti Barbados, kwenye kampasi ya Cave Hill ya Chuo Kikuu cha West Indies. Utafiti wake ulihusu mwani unaoelea baharini, ule unaoitwa sargassum. Tangu mwaka 2011 mwani huo umekuwa ukisukumwa kwenye fukwe za Karibi kwa malundo. Ukioza unanuka kama yai viza, na wavuvi hushindwa kupitisha maboti. Sisi watu wa Tanga tunaujua mwani kama kitu cha kulima na kuuza, lakini wenzetu kule wanaukimbia.

Ufadhili ulimlipia yeye tiketi, ada na posho ya mtu mmoja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Niliomba likizo bila malipo ili nimfuate, nikapewa. Watoto tunao watatu. Mkubwa alikuwa na miaka 16, yuko kidato cha tatu. Wa kati, wa kiume, alikuwa na miaka tisa. Kitindamimba alikuwa na minne.

Ukitafuta habari za kuhamia Barbados, jambo la kwanza utakaloona ni kibali maalumu walichokianzisha mwaka 2020 kwa watu wanaofanya kazi kwa mtandao. Kinataka uwe na mapato ya dola 50,000 za Marekani kwa mwaka, na ada yake ni dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa familia. Tulisoma, tukacheka, tukafunga simu. Hiyo njia si ya mwalimu na ofisa uvuvi. Sisi tulikwenda kama familia ya mwanafunzi, maana yake mimi sikuruhusiwa kufanya kazi.

Mtanzania haombi viza kwenda Barbados kwa matembezi, na watu wakisikia hivyo wanadhani mambo ni rahisi. Lakini kutoka Dar es Salaam hakuna ndege ya moja kwa moja. Njia tuliyopata ilipitia London, na Mtanzania akibadili ndege London anatakiwa awe na viza ya kupita, hata kama hatoki nje ya uwanja. Kila kichwa kina ada yake. Ongeza pasipoti, shilingi 150,000 kwa kila mtu. Ongeza kadi za chanjo, vyeti vya kuzaliwa na nauli za kwenda na kurudi ofisini. Kabla hujagusa tiketi, fedha imeshaanza kuyeyuka.

Tukauza pikipiki. Tukauza friji, kabati na kitanda kikubwa. Nikachukua mgao wangu wa kikoba. Tulipopiga hesabu ya mwisho usiku mmoja, tulikuwa na tiketi tatu. Mimi, wa kati na mdogo.

Tiketi ya nne hatukuwa nayo.

Kilichobaki ni kiwanja chetu. Kipo nje kidogo ya mji, tumekilipia kwa miaka sita. Jirani mmoja alikuwa tayari kukinunua hata kesho yake, na hela yake ingetosha tiketi na kubaki. Mume wangu akasema, "Kiwanja kikienda, hatuna pa kurudi." Nikamwambia, "Na mtoto je?" Tulikaa kimya mpaka taa ya chemli ikaanza kufifia, maana umeme ulikuwa umekatika. Asubuhi tukaamua. Kiwanja kibaki. Binti abaki na bibi yake.

Mbele ya binti hatukusema hivyo. Tulisema, "Mwakani una mtihani wa kidato cha nne, kule mtaala ni mwingine, utapoteza mwaka." Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yalitutoka kirahisi. Lakini hayakuwa sababu. Kama tiketi ya nne ingekuwepo, tungemchukua na kutafuta la kufanya na mtihani baadaye.

Kisiwa kidogo, bei kubwa

Tulifika Agosti 2023. Barbados ni kisiwa cha kilomita za mraba kama 430, Unguja ni kubwa kuliko hicho zaidi ya mara tatu. Dola yao haipandi wala haishuki mbele ya ya Marekani: tangu mwaka 1975 mbili zao ni moja ya Marekani. Kwa mtu anayepanga bajeti hilo ni jambo jema, maana unajua ulichonacho. Ubaya ni kwamba ulichonacho hakikai. Vyakula vingi vinatoka nje kwa meli, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 17.5.

Posho ilikuwa dola 2,600 za Barbados kwa mwezi. Nyumba ndogo ya nusu mbao nusu tofali, vyumba viwili, ilichukua 1,100, na siku ya kwanza mwenye nyumba alitaka ya miezi miwili. Chakula 800. Nauli 200. Umeme na maji 200. Simu na intaneti 100. Mia moja ya bibi na binti Tanga. Zinazobaki ni 100, na hizo ndizo za homa, viatu na kila kisichotarajiwa.

Nyumba za mbao kule zina historia ya kumgusa mtu asiye na kitu. Baada ya utumwa kuisha miaka ya 1830, vibarua wa mashamba ya miwa walijenga vibanda vya mbao juu ya mawe, bila msingi, kwa sababu ardhi haikuwa yao. Mwenye shamba akikufukuza, unafumua nyumba, unapakia kwenye mkokoteni, unahama nayo. Mama mwenye nyumba wetu, mzee wa miaka sabini na kitu, alinieleza hivyo siku ya kwanza akinionyesha chumba cha mbele. Nikafikiria kiwanja chetu. Nikafikiria binti yangu.

Nitaje makosa yetu madogo, yasikupate na wewe. Nilibeba pasi na jagi la kuchemshia maji. Umeme wao ni wa volti 115, wetu ni 230, na plagi zao ni bapa kama za Marekani. Jagi lilichukua karibu nusu saa kupasha maji ya chai moja. Pasi ilibaki kuwa uzito. Pia nilimfungashia mwanangu fulana ya mabaka ya kijeshi. Kule, kama kwetu, raia haruhusiwi kuvaa mabaka, hata mtoto. Ikaishia kuwa dekio.

Nilichobeba cha maana ni mbuzi ya kukunia nazi. Mume wangu alinicheka wakati wa kufunga mizigo, lakini hiyo mbuzi ilituokoa. Nilijifunza upesi kwamba ukila kwa kufuata supamaketi utalala njaa tarehe 20. Ukila kwa kufuata miti na soko, unafika mwisho wa mwezi. Jumamosi asubuhi nilikwenda soko la Cheapside, Bridgetown. Viazi vitamu, mihogo, magimbi, bamia, mbaazi mbichi kwenye msimu wake. Chakula chao cha taifa ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia, unaliwa na samaki anayeruka juu ya maji. Mwanangu alipoonja mara ya kwanza alisema, "Mama, huu si ugali tu umeingia bamia?"

Na shelisheli! Mti ulikuwa uani kwa jirani. Siku nilipomwambia kuwa kwetu pwani tunalila kwa nazi, alinitazama kama nimemwambia siri ya familia yake. Tangu hapo kila msimu aliniwekea mawili matatu ukutani.

Nauli ya basi ni dola tatu na nusu kokote uendako kisiwani. Watoto waliovaa sare za shule hupanda bure mabasi ya serikali, yale ya buluu. Kuna pia vipanya vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee, muziki juu na watu wamebanana, hapo utadhani uko Barabara ya Ishirini. Tofauti ni moja: ukipanda unasalimia kwanza. Usipotoa salamu, watu wanageuka kukutazama malezi yako.

Barua kwenye begi

Shule ya serikali haikuwa na ada, ila ilibidi tumwombee mtoto kibali cha kusoma kwanza. Mwanangu alitoka shule ya Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu vidole, na wenzake walizungumza cha kwao cha kisiwani, ambacho hata mimi mwalimu nilikuwa nakikimbilia kwa nyuma. Muhula wa kwanza alirudi kila siku ametulia mno. Nilijua ni lugha. Kumbe kulikuwa na jingine.

Februari 2024 nilikuwa nafua begi lake. Chini kabisa nikakuta barua ya shule imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya safari ya darasa, dola 25. Tarehe ilikuwa imepita wiki mbili. Nikamuuliza mbona hakunipa.

Akasema, "Nilikuona unahesabu hela mezani halafu unalia. Nikajua hamna."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Wewe huwa unasema kila kitu kiko sawa."

Mtoto wa miaka tisa alikuwa anabeba bajeti yetu peke yake, kichwani, na alikuwa anaibeba vibaya. Siku ile dola 25 zilikuwepo. Nilikuwa nalia kwa ajili ya jambo lingine. Nilikuwa nimeona picha ya binti yangu kwenye mahafali ya binamu yake, amevaa gauni langu, na limemtosha.

Mume wangu aliporudi nilimwambia yote. Jioni hiyo tukakaa mezani wote wanne. Nikatoa bahasha: ya nyumba, ya chakula, ya nauli, ya umeme, ya bibi, ya dharura. Tukaweka hela zenyewe ndani, watoto wakiangalia. Mdogo alipewa kazi ya kufunga bahasha kwa utepe. Wa kati aliuliza maswali mengi kuliko tuliyotegemea. Kwa nini bahasha ya bibi ni ndogo? Kwa nini dada hana bahasha yake?

Hilo la mwisho lilitunyamazisha. Mume wangu akachukua simu.

Ilikuwa karibu saa nane usiku Tanga, lakini binti alipokea. Mume wangu akamwambia bila kuzunguka: hatukukuacha kwa sababu ya mtihani. Hela zilitosha watu watatu. Tungeweza kuuza kiwanja, tukaamua tusiuze. Tulikudanganya, na tunaomba utusamehe.

Ukimya. Kisha akasema, "Nilikuwa najua. Shangazi aliniambia wiki ile ile mliyoondoka. Nilikuwa nangoja mseme wenyewe."

Akakata simu. Hakupokea tena kwa siku nane.

Sitaki kukudanganya na wewe msomaji kwamba ukisema kweli mambo yanakaa sawa papo hapo. Siku nane ni nyingi ukiwa upande wa pili wa bahari. Mama yangu alinipigia akasema anakula, anakwenda shule, ila jina lenu halitaki. Siku ya tisa ukaja ujumbe wa maandishi, mstari mmoja: "Siku nyingine mniulize na mimi."

Hakusema angependa tuuze kiwanja. Wala hakusema angekubali kubaki. Alitaka tu kuwepo mezani wakati wa kuamua.

Usiku wa kimbunga

Mwisho wa Juni 2024 Bridgetown ilijaa wageni wa kriketi. Fainali ya Kombe la Dunia ilichezwa pale Kensington Oval Jumamosi ya tarehe 29, India wakashinda. Kesho yake mji mzima ulikuwa unagongea mbao madirishani. Kimbunga Beryl kilikuwa njiani.

Msimu wa vimbunga kule ni Juni mosi hadi Novemba 30, na tulikuwa tumeambiwa mabaya huja Agosti na Septemba. Beryl hakikungoja. Ndani ya siku mbili kilifika daraja la tano, mapema kuliko kimbunga kingine chochote kwenye kumbukumbu za Atlantiki. Mama mwenye nyumba akatwambia tujaze ndoo zote, tuchaji simu, tuweke vyeti na pasipoti kwenye mfuko wa nailoni, tulale chumba cha tofali.

Hapo nikatamani sana kudanganya. Binti alikuwa ameshaona habari. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema, "Usijali, ni mvua tu." Nikajizuia. Nikamweleza: kinapita kusini yetu, kwa makadirio. Tuko chumba cha ukuta. Maji tunayo ya siku nne. Umeme ukikatika simu zitazima, kwa hiyo usiposikia kitu mpaka jioni yako ya kesho, usidhani tumekufa. Naogopa, lakini tumejiandaa.

Akasema, "Asante mama kwa kuniambia." Halafu akauliza, kama mtu mzima, "Bibi nimwambie nini?" Tukapanga pamoja cha kumwambia bibi mwenye presha.

Upepo ulivuma usiku kucha. Asubuhi ya Jumatatu paa letu lilikuwepo. Kimbunga kilikuwa kimepita kusini, na wenzetu wa Carriacou, kisiwa cha Grenada, ndiyo walioumia vibaya. Kwetu mawimbi yalivunja maboti ya wavuvi, na mume wangu alishinda wiki nzima bandarini na wavuvi aliowazoea, wengine wakilia mbele ya mbao zilizokuwa riziki yao. Umeme ulipokaa sawa nilikuta simu yangu ina ujumbe 41 kutoka kwa binti. Mwingi ulikuwa nukta tu, moja moja. Alisema alikuwa anatuma nukta ili aone kama zimefika.

Tulivyorudi

Novemba 2024 alifanya mtihani wake. Usiku wa kuamkia kila somo tulimpigia, saa nne usiku kwake. Januari matokeo yakatoka, akapata daraja la pili. Nilipomsifu alisema, "Ningekuwa huko nanyi labda ningefeli, labda ningefaulu zaidi. Hatutajua." Ni kweli, hatutajua.

Tulirudi Agosti 2025, mume wangu na shahada yake, mimi na mbuzi yangu ya nazi. Mdogo anasema Kiingereza kwa lafudhi ya kisiwani mpaka mashangazi wanamwita wamsikie. Binti alitupokea uwanja wa ndege Dar. Amenipita kwa urefu. Wadogo zake walimrukia. Mimi nilisubiri zamu yangu.

Wazazi wananiuliza kama inawezekana kuhamia Karibi kwa hela kidogo. Inawezekana, kwa muda na kwa sababu inayoeleweka kama masomo au mkataba. Hesabu viza za kupita kabla ya tiketi. Uwe na kodi ya miezi miwili mkononi siku ya kutua, na hela ya kurudi ambayo huigusi. Acha vifaa vya umeme nyumbani. Fuata soko, usifuate supamaketi. Na kabla hujafunga begi, waweke watoto wenye akili ya kuelewa mezani, uwaonyeshe hesabu yenyewe. Wao wataona machozi hata ukificha karatasi, na watajaza pengo kwa mawazo yao.

Wiki mbili baada ya kurudi binti alitaka tumpeleke kwenye kile kiwanja. Hajawahi kukiona. Kimeota majani mpaka kiunoni, kuna mwembe mmoja na mawe ya mpaka. Akatembea toka kona hadi kona akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika kwangu akasema, "Thelathini kwa ishirini na mbili. Hiki ndicho kilichonishinda?"

Akacheka. Baba yake naye akacheka kidogo. Mimi nilishindwa. Nikamuuliza anataka chumba chake kikae upande gani, naye akaangalia kwa muda mrefu kabla ya kunyoosha kidole.